Kufuli ya ndoa ya jinsia moja iko mlango gani? Jibu kwa mweka hazina wa chama, Umoja

Swali lililonifikia nimelifupisha kidogo, linasema hivi: "Wakili habari. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha akina mama huku Umoja. Jumapili tulianza na hesabu za michango tukaishia kurushiana maneno. Mmoja anasema Mahakama ya Juu ilisharuhusu ndoa za jinsia moja tangu 2023. Mwingine anasema hapana, Bunge ndilo lenye neno na lipige marufuku mara moja tupumue. Mimi nikauliza tu, kwani Marekani si pia walipiga marufuku, tena kwa kura, na korti ikafuta? Hapa itashindwaje? Tumewekeana kreti ya soda. Halafu hii nauliza kivyangu, nina binamu Cape Town amefunga ndoa na mwanamke mwenzake kule, akirudi nyumbani cheti chake ni cheti ama ni karatasi tu?"

Dada yangu, salama, na pole kwa hesabu maana najua hazikuisha. Hili swali naulizwa kila mahali, kwa matatu, kwa kinyozi, juzi hata kwa matanga, na kila mtu anakuja na kipande chake cha ukweli amekishika kama rungu. Wacha nianze na huyo wa 2023.

Mahakama ya Juu ya Kenya haikuruhusu ndoa yoyote. Kesi ilikuwa ya jina. Yaani kuna watu walitaka kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, wakapeleka majina kwa bodi ya kusajili mashirika yasiyo ya kiserikali ili wahifadhiwe jina moja, na bodi ikakataa kila jina, ikisema sheria za jinai za nchi haziruhusu hayo mambo. Basi. Hapo ndipo kesi ilipoanzia, 2013, na ikapanda ngazi pole pole: Mahakama Kuu 2015 wakashinda, Mahakama ya Rufaa Machi 2019 wakashinda majaji 3 kwa 2, na tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu nayo ikasema vivyo hivyo, 3 kwa 2. Sababu yao ilikuwa kwamba haki ya kujiunga na wenzako kwenye chama au shirika ni ya kila mtu, iko kwa Kifungu cha 36 cha Katiba, na huwezi kumnyima mtu usajili eti kwa vile anavyovutiwa kimapenzi. Na wakaongeza kitu ambacho kwangu ndicho kizito zaidi ndani ya ile hukumu, kwamba neno jinsia kwenye Kifungu cha 27(4), kile cha kukataza ubaguzi, linabeba pia mwelekeo wa kimapenzi wa mtu. Kuhusu kufunga ndoa hawakutoa amri hata moja, na hakuna mtu alikuwa amewaomba.

Sasa mbona mwenzako ana uhakika hivyo? Kwa sababu ukikumbuka ile wiki, hakuna mtu aliongea kuhusu usajili. Siku chache baada ya hukumu Rais Ruto akasema anaheshimu korti lakini mila zetu na dini zetu haziwezi kukubali mwanamume aoe mwanamume au mwanamke aoe mwanamke. Korti imezungumzia usajili, Ikulu ikajibu kuhusu harusi! Na makanisani ikawa harusi, misikitini harusi, redioni harusi, kufikia Jumapili hata mimi shemeji yangu alinipigia kuniuliza zinaanza lini. Mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, akarudi kortini kuomba majaji waiangalie upya hukumu, wakamkatalia Septemba mwaka huohuo. Hilo neno ndoa lina petroli ndani yake, na haikuanza 2023. Februari 2010 kule Mtwapa uvumi tu kwamba wanaume wawili wanataka kufunga harusi ulitosha kujaza umati nje ya kituo cha afya, na harusi yenyewe haikuwepo.

Kwa hivyo huyo wa kwanza, mwambie aanze kutafuta pesa ya soda.

Sasa ndoa yenyewe. Toa ile Katiba yako, kama ulipewa ile ya bure 2010 iko kwa kabati mahali chini ya vyeti vya watoto, fungua Kifungu cha 45(2). Kwa maneno ya kawaida kinasema kila mtu mzima ana haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiari ya wote wawili. Sentensi moja. Na kama una jicho utaona kitu: hakuna neno "marufuku" hapo. Ukilinganisha na Uganda, wao 2005 waliingiza kwenye katiba yao mstari unaosema kabisa ndoa kati ya watu wa jinsia moja imepigwa marufuku. Sisi tulizunguka, tukaandika kwa lugha ya haki, mlango ukafungwa kwa upole. Kuna wanasheria wenzangu wanapenda kusema, lakini hicho kifungu kinatoa haki tu, hakijakataza nyingine, na darasani huo mjadala ni mtamu sana, tunaweza kunywa chai tatu juu yake. Lakini mimi sidhani kuna jaji wa Nairobi leo atausoma hivyo, kwa sababu waandishi wangetaka kuacha mlango wazi wangeandika "ana haki ya kufunga ndoa" wakanyamaza. Yale maneno ya jinsia tofauti yaliwekwa na mtu aliyejua anafanya nini.

Halafu Bunge likaja na Sheria ya Ndoa ya 2014, na kifungu cha 3 kikasema wazi kwamba ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, iwe ya mke mmoja au ya wake wengi, na isajiliwe. Ukitaka kuona hii sheria ikifanya kazi nenda Sheria House pale Harambee Avenue asubuhi. Utakuta maharusi wamekaa kwa benchi, msichana na gauni jeupe fupi na raba, kijana na suti ya kukodi, mashahidi wawili wanaangalia saa kwa sababu waliomba ruhusa ya masaa mawili tu kazini. Kabla ya kufika hapo walishatoa notisi, siku zisizopungua 21, mtu yeyote aliye na pingamizi ajitokeze. Kwenye fomu kuna mahali pa mwanamume na mahali pa mwanamke. Karani hahitaji kujua falsafa yoyote ya Katiba, hizo nafasi mbili kwa fomu zinatosha.

Basi tuje kwa swali lako wewe, la Marekani, ambalo ni zuri kuliko ya wenzako wote na sisemi hivyo kwa sababu wewe ndiye umeandika.

Umeishi kwa ploti? Kuna landilodi mwenye nyumba na kuna keateka anayemwangalizia. Keateka anaweza kubandika karatasi kwa geti, hakuna wageni baada ya saa tatu, hakuna kuanika nguo juu, na wapangaji wakakubaliana naye wote wakapiga makofi. Lakini landilodi akija na ule mkataba wa nyumba, na mkataba unasema mpangaji ana haki ya kupokea wageni, ile karatasi ya geti inatolewa. Haijalishi makofi yalikuwa mangapi. Marekani ni hivyo. Kila jimbo lina katiba yake, hiyo ni ya keateka, halafu kuna ile katiba kubwa ya nchi nzima juu yao.

Jinsi walivyofika huko: Novemba 2003 mahakama ya juu ya jimbo la Massachusetts ikaamua kwamba kuwanyima wapenzi wa jinsia moja ndoa ni kuvunja katiba ya hilo jimbo, na Mei 17 2004 watu wakaanza kufunga ndoa kule, wa kwanza nchi nzima. Majimbo mengine yakashtuka. Wakasema, kama majaji wetu wanaweza kutumia katiba ya jimbo kuleta hii kitu, basi tuiandike marufuku ndani ya hiyohiyo katiba ya jimbo, jaji akose pa kushika. Akili ya kisiasa hiyo, tena kali. Mwaka huo wa 2004 peke yake majimbo 13 yalipiga kura na yote yakapitisha. Ikaendelea mpaka yakawa kama majimbo 30. Na juu yake kulikuwa na sheria ya Bunge lao ya 1996, aliyoitia sahihi Bill Clinton, iliyosema serikali kuu haitambui ndoa ya aina hiyo hata kama jimbo lako limekupa cheti.

California ndiyo iliyonifundisha zaidi. Mei 2008 mahakama ya jimbo ikaruhusu, wapenzi kama jozi 18,000 wakafunga ndoa, halafu Novemba, siku ileile Obama alichaguliwa rais, watu haohao wa California wakapiga kura kwa asilimia 52 kuondoa hiyo haki. Hilo waliliita Pendekezo la 8. Wakaja mawakili wawili, Ted Olson na David Boies, ambao mwaka wa 2000 walikuwa wamepigana wao kwa wao kwenye kesi ya uchaguzi wa urais ya Bush na Gore, sasa wamevaa jezi moja, wakaipeleka hiyo kura kwa korti ya serikali kuu. Na hapa sikiza vizuri. Jaji Vaughn Walker kule San Francisco alitoa hukumu ya kufuta hiyo kura tarehe 4 Agosti 2010. Tarehe hiyo unaijua. Ulikuwa kwa foleni. Ndiyo siku sisi tulipigia kura Katiba mpya, kijani ndiyo, nyekundu hapana, wanasiasa tikitimaji, kijani nje nyekundu ndani, kidole kikiwa na wino. Siku moja, kule jaji anasema kura ya wengi haiwezi kuwanyima wachache ndoa kwa sababu kuna katiba juu ya hiyo kura, huku asilimia 67 ya waliopiga kura wanapitisha katiba ambayo ndani yake, ukurasa ambao wengi hatukuusoma kwa sababu kelele yote ilikuwa ya mahakama za kadhi na utoaji mimba, kuna 45(2).

Sasa umeona tofauti? Yao iliandikwa kwa karatasi ya keateka. Yetu imeandikwa kwa mkataba wa landilodi.

Lakini wacha nimalize stori yao maana kuna kipande napenda. Kesi iliyofunga kazi ilianza na cheti cha kifo. Jim Obergefell na mpenzi wake John Arthur walikuwa wa Ohio, jimbo lililopiga marufuku 2004. John alikuwa mgonjwa wa ule ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaolemaza misuli mmoja baada ya mwingine, hawezi tena kutoka kitandani. Juni 2013 mahakama yao ya juu ilikuwa imefuta kile kipande cha sheria ya 1996 kwenye kesi ya mama mmoja mzee, Edith Windsor, aliyekuwa amedaiwa kodi ya urithi dola 363,053 baada ya mwenzake kufa, kodi ambayo mjane wa kawaida hangeguswa nayo. Majuma machache baadaye Jim akakodi ndege ya wagonjwa, wakaruka mpaka Maryland ambako ndoa iliruhusiwa, ndege ikatua uwanja wa Baltimore, na wakafungishwa ndoa hapohapo ndani ya ndege, lami hata hawakuikanyaga, wakarudi Ohio. Walichokuwa wanataka ni kwamba John akifa, pale kwa cheti cha kifo palipoandikwa hali ya ndoa, pasiandikwe hajaoa. John akafa Oktoba hiyo. Ohio ikapigania hicho kisanduku cha fomu mpaka juu kabisa, kesi ikaunganishwa na za Michigan, Kentucky na Tennessee, na Juni 26 2015, majaji 5 kwa 4, Jaji Anthony Kennedy akiandika, marufuku ya majimbo yote yakaanguka kwa siku moja. Waliegemea marekebisho ya 14 ya katiba yao, ya mwaka 1868, yale yaliyowekwa baada ya utumwa kuisha, na pia kesi ya 1967 iliyofuta sheria za kukataza weusi na weupe kuoana.

Mwezi mmoja baadaye Obama akatua Nairobi, unakumbuka barabara zilifungwa mpaka watu wakatembea kwa miguu kutoka Mombasa Road. Akasimama Ikulu akasema mambo ya kutobagua mashoga, na Uhuru Kenyatta, rais wetu wakati huo, kando yake akajibu kwamba kwa Wakenya hilo si suala. Nilikuwa naangalia kwa kibanda fulani cha chai na watu walishangilia Uhuru kama amefunga bao.

Na usifikiri kule walimaliza. Karani mmoja wa Kentucky, Kim Davis, alikataa kutoa vyeti akasema imani yake hairuhusu, akalala jela siku tano, na kesi zake zimeburutwa mpaka Novemba 2025 ndipo mahakama ya juu ikakataa kumsikiza. 2022, baada ya ile hukumu ya kufuta haki ya utoaji mimba, Jaji Clarence Thomas aliandika kwamba hata hii ya ndoa iangaliwe tena, watu wakaingiwa na baridi, na Desemba mwaka huo Bunge lao likapitisha sheria kwamba jimbo lazima litambue ndoa iliyofungwa kihalali jimbo lingine. Angalia lakini, hiyo sheria hailazimishi jimbo kutoa cheti. Na yale maandishi ya marufuku bado yako kwa katiba za majimbo mengi, yamelala tu. California, Colorado na Hawaii waliyaondoa kwa kura 2024, wengine wameacha. Hukumu ya korti ikianguka siku moja, yanaamka.

Sawa, turudi nyumbani. Mtu akienda Milimani kesho na petisheni, aseme futeni 45(2) kwa sababu inapingana na usawa wa Kifungu cha 27, jaji atamwonyesha Kifungu cha 2(3), kwamba uhalali wa Katiba yenyewe haupingwi kortini. Korti yetu inaweza kufuta sheria ya Bunge, inaweza kufuta amri ya Rais, haiwezi kufuta mstari wa Katiba. Inaweza tu kuusoma, na kwenye kusoma kuna nafasi, sikatai, lakini nimeshakuambia naonaje hiyo nafasi.

Afrika Kusini watu hupenda kunitajia. Kule katiba yao ya 1996 ilitaja mwelekeo wa kimapenzi kwa jina ndani ya orodha ya mambo ambayo hutakiwi kubagulia mtu, na haikuwa na mstari kama wetu wa jinsia tofauti. Kwa hivyo Desemba 2005 Jaji Albie Sachs na wenzake walipolipatia Bunge miezi 12 lirekebishe sheria ya ndoa, walikuwa na pa kusimama. Bunge likapitisha Novemba 2006, siku zikiwa zinaisha. Korti yetu haina hicho kiti.

Kwa hivyo Kenya kuna njia gani? Kifungu cha 255. Sheria ya haki za binadamu ndani ya Katiba, na 45 iko humo, haibadilishwi bila kura ya maoni. Uanze ama na theluthi mbili za mabunge yote mawili ama na sahihi milioni moja na mabunge ya kaunti, tuliyaona ya BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba, yalivyoishia Mahakama ya Juu 2022. Halafu kwa kura yenyewe lazima angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa wajitokeze kwenye nusu ya kaunti, yaani 24, na walio wengi waseme ndiyo. Ireland walipita njia hiyo Mei 2015, asilimia 62 wakasema ndiyo, nchi ya Wakatoliki. Hapa kwetu leo? Dada, hata hiyo kampeni nani ataitangaza kwa gari na spika pale Mutindwa. Lakini ndiyo njia, na mwenye neno la mwisho ni Wanjiku, mwananchi wa kawaida.

Ndiyo maana yule wa pili, anayesema Bunge lipige marufuku, pia hajapata yote. Ndoa ya jinsia moja Bunge lilishaifungia nje 2014, kifungu cha 3, na Katiba ilikuwa imefanya hivyo kabla. Mswada wa Kaluma wa 2023 wa kulinda familia unaenda mbali kuliko ndoa, unagusa adhabu na hata kile kinachoitwa kueneza, na hapo Bunge halina mkono huru, kwa sababu kila sheria ya kuminya haki inapimwa kwa Kifungu cha 24 na sasa kuna ile hukumu ya 2023 juu ya maana ya jinsia. Wanasiasa wanajua, lakini kupiga marufuku kitu kilichokwisha kukatazwa ni kura za bure, hakuna anayepoteza kiti.

Kuna kitu kinanikera na nitakisema. Mei 24 2019 nilikuwa Milimani, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa sakafuni kwa korido, nimebanwa ukutani kando ya kijana aliyekuwa anasoma hukumu kwa simu ya mwenzake kabla hata majaji hawajafika mwisho. Kesi ilikuwa ya vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vile vya kinyume cha maumbile, miaka 14, na wanaume kufanya mambo ya aibu, miaka 5. Waingereza walituachia, mtindo ni uleule waliouandika India 1860. Walalamishi walisema wazi hawaombi ndoa. Wanaomba tu serikali isiingie chumbani. Majaji watatu wakakataa, na moja ya sababu ikawa kwamba kuvifuta kungefungua mlango wa watu wa jinsia moja kuishi kama wanandoa na hiyo ingegongana na 45(2). Mimi hapo sikubaliani, na si kwa sababu ya upande wangu wowote. Kifungu cha ndoa kinasema nani anaoa nani. Hakisemi nani afungwe. Wangapi Nairobi wanaishi pamoja bila cheti, ile njoo-tuishi, na hakuna anayewapeleka jela kwa kukosa Sheria House? India walifuta hicho kifungu chao Septemba 2018, na Oktoba 2023 mahakama ileile ikakataa kuwapa ndoa, ikasema hiyo ni kazi ya Bunge. Botswana nao walifuta, rufaa ikathibitisha 2021, ndoa haikuja. Mlango mmoja ulifunguka mwingine ukabaki na kufuli na nyumba haikuanguka. Tarehe tena, maana naona zinatuchezea: siku hiyohiyo ya Mei 24 2019, Taiwan ndiyo walianza kusajili ndoa za jinsia moja, wa kwanza Asia. Walalamishi wetu walikata rufaa.

Na kabla mtu wa Machakos kwenye chama hajanyoosha mkono: ndiyo, najua iweto. Wakamba wanayo, Wanandi, Wakisii, Wakuria, na wengine, mama asiye na mtoto wa kiume anatoa mahari, anaoa mwanamke, watoto wanaozaliwa wanahesabiwa wa boma lake. Ile si mapenzi, ni urithi na jina lisipotee, na wazee watakukasirikia ukizichanganya. Lakini usiniambie mila za Kiafrika hazijawahi kuona mwanamke analipa mahari ya mwanamke. 2011 Mahakama Kuu Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo ya Kinandi kwenye kesi ya mirathi, mke akapata haki ya kusimamia mali. Ukiisoma Sheria ya Ndoa ya 2014, mwanamume na mwanamke, hao kina mama wamebaki nje ya mlango pia, na sijasikia mbunge akiwalilia.

Sasa binamu yako. Cheti chake Cape Town ni cheti kamili, atalipa kodi nacho, atarithi nacho. Akishuka JKIA hakiwi kosa la jinai, Kanuni ya Adhabu inaadhibu tendo, haiadhibu karatasi wala kumpenda mtu. Lakini msajili wa Sheria House hatamwandikia chochote, na benki, hospitali, afisi ya ardhi, watamwona kama mtu ambaye hajaolewa. Namibia Mei 2023 mahakama yao ya juu iliamua ndoa za nje za aina hiyo zitambuliwe, wanasiasa wakaja juu papo hapo, ila Namibia hawana 45(2).

Kwa hivyo mwambie asitegemee cheti, aandike vitu. Wosia kwanza, kwa sababu Sheria ya Urithi inamruhusu mtu mzima mwenye akili timamu kumwachia mali yake amtakaye, hata jirani. Auandike vizuri, mashahidi wawili wasio warithi, na ajue kwamba watoto, au wazazi kama alikuwa anawatunza, wanaweza kwenda kortini kudai fungu. Kwenye fomu ya pensheni na bima aandike jina la huyo mwenzake kama mteule. Wakinunua ploti wanunue kwa majina yote mawili, lakini ule umiliki wa pamoja wa mmoja akifa inabaki kwa mwenzake, sheria ya usajili wa ardhi inawapa wanandoa tu, wengine mpaka korti iruhusu, kwa hivyo kila mmoja aandikiwe fungu lake na alitaje kwenye wosia. Na wote wawili watiane sahihi ya mamlaka ya wakili, ile hati ya kumruhusu mtu akufanyie mambo yako, ili mmoja akilazwa, akili zikiwa bado timamu, mwingine aweze kushughulikia benki na kodi ya nyumba, lakini zifanywe mbele ya wakili, zisajiliwe, zisiwe za kuandikiana kwa WhatsApp.

Kuhusu kreti: yule wa 2023 alipe soda zote. Yule wa Bunge alete mandazi, maana alipata nusu. Na wewe ambaye ulidhani njia ya Marekani itafanya kazi hapa, umalize zile hesabu za michango.